Helikopta na Ukaguzi wa Hiari: Kazi Ipo Kabla Mkaguzi Hajafika

Tarehe 3 Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaingiza mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, yaani orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga ya Ulaya, miezi sita baada ya kuanza na Air Tanzania peke yake. Desemba 24 ya mwaka huohuo, helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya uokoaji Mlima Kilimanjaro ilianguka kati ya kambi ya Barafu na kilele cha Kibo, na watu watano wakafariki. Mambo haya mawili hayakuzaana, na chanzo cha ajali ile ni kazi ya wachunguzi. Lakini katika mazungumzo ya watu wa utalii na wa anga yamefungwa kwenye furushi moja, na jibu linalotolewa ni moja pia: kampuni za helikopta zijipeleke zenyewe kwenye ukaguzi wa hiari wa viwango vya kimataifa, zipate cheti, wageni wapate imani. Mimi naunga mkono ukaguzi huo, ila kwa sababu tofauti kabisa. Cheti ndicho chenye thamani ndogo katika zoezi zima. Faida yake karibu yote iko kwenye maandalizi, ile miezi ambayo kampuni inalazimika kulinganisha kilichoandikwa kwenye vitabu vyake na kinachofanyika kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Na kampuni inayojiandaa kwa kupamba majalada hutoka ikiwa na hali mbaya kuliko iliyoingia nayo.

Tuanze na orodha ya Ulaya, maana ndiko kutoelewana kunakoanzia. Wengi waliisoma kama hukumu juu ya vyombo: ndege za Tanzania ni mbovu. Sababu zilizotajwa na Tume zilihusu usimamizi wa dola: uhaba wa wataalamu wenye sifa, udhaifu katika kusimamia uendeshaji wa ndege na ubora wake wa kuruka, na kutofikia viwango vya kimataifa. Aliyenyooshewa kidole ni msimamizi, na wote walio chini yake wakabebeshwa mzigo bila kuchambuliwa mmoja mmoja. Kampuni yenye helikopta tatu pale Moshi au Arusha, isiyo na ndoto ya kutua Frankfurt, imo humo kwa sababu tu cheti chake cha uendeshaji kimetolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Maana yake inauma, lakini ndivyo ilivyo: ukaguzi wa hiari hauwezi kuitoa kampuni hiyo kwenye orodha, kwa kuwa kutoka kunategemea nchi ionyeshe kwamba inasimamia. Anayewauzia wenye helikopta ukaguzi huu kama njia ya mkato ya kuizunguka Brussels anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Viwango vyenyewe ni vingi. Upo IS-BAO, ulioanzishwa mwaka 2002 na IBAC, baraza la kimataifa la ndege za shughuli za biashara lenye makao Montréal. Huo una hatua tatu: kwanza mkaguzi anaangalia kama mfumo wa usalama umejengwa, halafu kama kweli unadhibiti hatari, na mwisho kama umekuwa tabia ya kampuni nzima. Upo BARS wa Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa ya usalama wa anga, ulioanza mwaka 2010 kwa ajili ya kampuni za madini zinazokodi ndege na helikopta kwenda maeneo ya mbali. Wachimbaji wa mafuta na gesi baharini wana miongozo yao ya helikopta kupitia IOGP, chama chao cha kimataifa. Mzizi wa yote ni Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, mkataba mkuu wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika Novemba 2013 na kinachotaka mfumo wa usimamizi wa usalama wenye nguzo nne: sera ya usalama, udhibiti wa hatari, uhakiki kwamba kinga zinafanya kazi, na kuukuza usalama kwa mafunzo na mawasiliano. Marekani, ambako kwa miaka mingi mfumo huu ulikuwa hiari kwa waendeshaji wadogo wa ndege na helikopta za kukodi, imeshatoa kanuni inayowataka wote wawe nao ifikapo 28 Mei 2027. Upepo unakovuma kunaonekana.

Lakini mtu anaweza kuyajua yote hayo kwa kichwa na bado asielewe maandalizi ni kitu gani. Nichukue jambo dogo: mafuta ya mapipa, yale yanayopelekwa kambi za mbugani ambako hakuna tangi. Kitabu cha kampuni kitasema mafuta hukaguliwa kabla ya kujazwa. Mkaguzi haridhiki na sentensi hiyo, anataka kuona. Pipa limelazwa au limesimamishwa? Likisimama wima nje, maji ya mvua hutuama juu yake, na usiku linapopoa hunyonya maji hayo kupitia kizibo kilicholegea. Ndiyo maana hulazwa, vizibo vyote viwili vikiwa kwenye mstari wa mlalo, vimefunikwa na mafuta kwa ndani. Tarehe ya kujazwa inasomeka ubavuni? Limeachwa litulie kabla ya kutumika ili maji na uchafu vizame? Sampuli imechotwa juu au chini? Vidonge vya kupimia maji vipo, na muda wake haujapita? Kisha linakuja lile ambalo halijaandikwa kwenye fomu yoyote. Mkaguzi anampita meneja, anamgeukia kijana anayejaza mafuta, anamwambia, "Hebu nionyeshe unavyofanya." Aliyefundishwa atachukua chupa safi ya kioo, atachota, atazungusha, atainyanyua dhidi ya mwanga na kueleza anachotafuta. Asiyefundishwa atamtazama meneja usoni.

Kujiandaa kwa ukaguzi, basi, ni kwenda kumwuliza kijana huyo swali hilo mwaka mmoja kabla ya mkaguzi, na kulichukulia jibu lake kama ripoti. Kama amekosea, tatizo ni mafunzo, au vifaa, au kitabu kiliandikwa na mtu asiyewahi kufika kambini. Mara nyingi ni hilo la mwisho. Vitabu vingi vya uendeshaji hununuliwa au hunakiliwa kutoka kampuni nyingine, jina likabadilishwa, na ndani yake mkabaki taratibu za theluji kwa kampuni inayoruka Ruvuma, au marejeo ya cheo ambacho kampuni haina. Kazi ya kwanza ya maandalizi ya kweli ni kufuta. Kitabu kifupi kinachofuatwa kina manufaa kuliko kitabu kinene kinachovunjwa kila siku, kwa sababu kila utaratibu unaovunjwa bila mtu kushtuka unawafundisha wafanyakazi kwamba maandishi ni ya wageni.

Mlimani jambo hili linapata uzito wake halisi. Kambi ya Barafu iko kwenye kama mita 4,670. Kwa hesabu za kawaida za anga, hewa ya urefu huo ina kama asilimia 62 tu ya uzito wa hewa ya usawa wa bahari, na hesabu hizo huchukulia kwamba hapo kuna baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Jua likipandisha joto hadi sifuri, hewa huwa nyepesi zaidi, na helikopta hujiona kama iko mita 5,200 hivi. Mapanga yanapata kidogo cha kushika, injini nayo inahemea hewa hiyohiyo. Tofauti kati ya kutua salama na kushindwa kusimama hewani inaweza kuwa abiria mmoja, au mafuta ya dakika chache. Swali la maandalizi hapa ni je, rubani anaikokotoa akiba ya nguvu kwa joto na uzito wa siku ile, kabla ya kila utuaji, na hesabu hiyo inabaki mahali ambapo mwingine anaweza kuiona? Au anategemea kwamba jana ilibeba wawili, na leo itabeba wawili?

Anayedhani haya ni mambo ya kampuni za nchi maskini asome ripoti ya NTSB, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, juu ya helikopta iliyomuua Kobe Bryant na wenzake wanane huko Calabasas, California, 26 Januari 2020. Kampuni ya Island Express ilikuwa na fomu ya kupima hatari ya safari, na rubani aliijaza, mapema asubuhi. Wachunguzi walisema kwamba kama angeijaza upya kwa hali ya hewa iliyokuwepo wakati wa kuondoka, safari ingebaki kwenye kundi la hatari ndogo, lakini fomu ingemlazimu azungumze kwanza na mkurugenzi wa operesheni na kuwa na mpango mbadala. Hakuijaza upya. Bodi ilisema chanzo ni uamuzi wa rubani kuendelea kuruka kwa kutegemea macho badala ya vipimo hadi ndani ya mawingu, akapoteza mwelekeo, ikataja na shinikizo ambalo huenda alijiwekea mwenyewe. Miongoni mwa yaliyochangia ikaweka jambo ambalo kila mwenye helikopta angelibandika mezani kwake: kampuni haikukagua na kusimamia vya kutosha taratibu zake yenyewe za usalama. Karatasi ilikuwepo na ilikuwa nzuri. Hakuna aliyekuwa akiangalia kama inajazwa sawasawa.

Kwa helikopta za uokoaji kuna shinikizo jingine ambalo viwango hivi vinalishughulikia vizuri kuliko sheria nyingi. Safari ya uokoaji hulipiwa ikiruka, ikibaki chini hailipwi. Nepal iliona mwaka 2018, serikali ilipochunguza uokoaji wa helikopta uliokuwa ukitumika kuzikamua kampuni za bima, jinsi pesa inavyoweza kuugeuza uamuzi wa kuruka. Na hata pasipo ulaghai, huruma yenyewe ni shinikizo. Rubani akiambiwa juu kuna binti wa miaka 22 mwenye maji kwenye mapafu, ataona mwanya kwenye mawingu ambao dakika moja kabla haukuwepo. Ndiyo maana waendeshaji wengi wa helikopta za wagonjwa Marekani humficha rubani habari za mgonjwa mpaka aamue, kwa hali ya hewa na hesabu za nguvu pekee, kama safari inawezekana. Na ndiyo maana wana kanuni kwamba wote waliomo ndani lazima wakubali ili waruke, ila mmoja akikataa inatosha, na haulizwi kwa nini mbele ya mteja. Kuiandika kanuni hiyo kunachukua dakika tano. Kuifanya iaminike kunahitaji siku moja muuguzi akatae, kampuni ikose malipo, na Jumatatu bosi amshukuru mbele ya watu.

Sasa upande wa pili, maana wenye mashaka wana hoja. Ya kwanza ni gharama. Kampuni ndogo haina meneja wa usalama anayefanya kazi hiyo tu. Mara nyingi ni rubani yuleyule anayeruka mchana na kujaza rejesta ya hatari, daftari la matukio na kasoro za usalama, usiku. Ada ya mkaguzi, nauli yake, siku ambazo helikopta haiingizi pesa, vyote ni fedha halisi katika biashara ya dola na vipuri vinavyoagizwa nje. Hoja hii naikubali, na jibu langu ni la nusu tu: sehemu kubwa ya maandalizi haihitaji mkaguzi. Viwango vinasomeka, orodha ya kujikagua inaweza kutengenezwa, na kampuni mbili za mji mmoja zinaweza kubadilishana marubani wakaguane. Ushindani wa Arusha na Moshi unaweza kulizuia hilo, najua, lakini mafundi wao wanajuana na tayari wanaazimana vifaa.

Ya pili ni nzito zaidi: mkaguzi analipwa na anayekaguliwa. Hakuna namna ya kuizunguka kabisa. Mkaguzi mwenye jina la ukali hupoteza wateja, na mwenye jina la upole hupata kazi nyingi. Mashirika yanayosimamia viwango huhakiki ripoti kabla ya kutoa usajili, na hilo husaidia, ila si kinga kamili. Ndiyo sababu nasema anayeweka imani yake kwenye cheti ameiweka mahali dhaifu kuliko pote. Mgongano huu wa maslahi unaharibu thamani ya ushahidi kwa mtu wa nje. Hauharibu thamani ya kile kampuni ilichojifunza yenyewe kabla mkaguzi hajapanda ndege kuja.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: tumeruka miaka kumi hatujaanguka, tuna cheti cha mamlaka, mnataka nini tena? Tufanye hesabu. Tuchukue kampuni ya kufikirika yenye helikopta tatu, kila moja ikiruka saa 400 kwa mwaka. Miaka kumi ni saa 12,000. Helikopta za Marekani katika miaka ya karibuni zimekuwa na ajali kati ya 3 na 4 kwa kila saa 100,000. Tuseme 3.5. Kampuni yetu ikiwa salama kama wastani huo, inatarajiwa kupata ajali moja katika miaka 24 hivi. Sasa tuseme ni mbovu mara tatu ya wastani. Hata hapo uwezekano wa kumaliza miaka kumi bila ajali ni kama asilimia 28, zaidi ya kampuni moja katika kila nne. Yaani kampuni iliyo hatari mara tatu inaweza kusherehekea miaka kumi ya usalama kwa keki na mashati, na mtu yeyote asiijue. Kwa ukubwa wa biashara ya helikopta ya Afrika Mashariki, kutokuanguka hakuthibitishi karibu chochote. Kinachoweza kuthibitisha ni vitu vidogo vinavyotokea kila wiki: mara ngapi rubani aligeuza kwa sababu ya mawingu, mara ngapi pipa lilikutwa na maji, nani aliisogelea helikopta kwa upande wa mlima ambako mapanga yako chini. Mfumo wa usalama upo ili vitu hivyo vihesabiwe, na kampuni ambayo rejesta yake haina hata tukio moja la hivyo kwa mwaka mzima haijawa salama, imekuwa kimya.

Hapo ndipo upambaji wa majalada unapogeuka sumu. Kampuni ikigundua miezi miwili kabla kwamba rejesta ni tupu, kishawishi ni kuijaza. Fomu za mwaka mzima zinaandikwa kwa wiki moja, kikao cha menejimenti ambacho hakikufanyika kinapata kumbukumbu na sahihi. Mkaguzi mzoefu hulinusa: wino mmoja, mkono mmoja, tarehe inayoangukia Idd au siku ambayo logi ya helikopta inaonyesha aliyesaini alikuwa Seronera. Lakini hata asipogundua, wafanyakazi wote wanajua. Fundi aliyesaini fomu ya Machi mwezi Septemba amefundishwa na bosi wake kwamba sahihi yake haina uzito, na sahihi hiyohiyo ndiyo anayoiweka baada ya kukaza boliti za panga la mkia. Ukaguzi uliofaulu kwa njia hiyo umeiondolea kampuni kitu ilichokuwa nacho kabla.

Wanaoweza kubadilisha mchezo huu ni wakodishaji, kwa kubadilisha wanachouliza. Kampuni ya utalii, shirika la bima, mgodi, hata chama cha siasa. Hili la siasa si la pembeni: Oktoba 2015, katikati ya kampeni, helikopta ilianguka Selous ikamuua mbunge wa Ludewa Deo Filikunjombe, rubani William Silaa na wengine wawili, na Kenya inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027 ambao, kama ule wa 2022, utafanyika kwa sehemu kubwa kutoka hewani, ratiba za mikutano sita kwa siku na mgombea anayemsukuma rubani awahi. Mkodishaji anayeomba nakala ya cheti ataletewa nakala ya cheti. Aombe badala yake kasoro zilizokutwa kwenye ukaguzi wa mwisho, lini zilizibwa na kwa ushahidi gani. Aulize ni safari ngapi zilisitishwa mwaka huu na nani alizisitisha. Kampuni iliyojiandaa kwa kweli ina majibu hayo mezani na wala haioni aibu kuwa na kasoro kumi na tano. Ile iliyopamba itasema ilipata sifuri.

Suala la muda nalo linachanganywa. Wengi hupanga ukaguzi haraka iwezekanavyo, kabla ya msimu wa wageni, ili cheti kitumike kwenye matangazo. Kwa kampuni inayohudumia Kilimanjaro, mpangilio wenye mantiki ni kinyume. Masika ya Aprili na Mei wapandaji hupungua na helikopta hupumzika kidogo: huo ndio wakati wa kufuta kitabu, kufundisha, kununua chupa za sampuli, kupiga namba zote za mpango wa dharura uone ngapi bado zinapokelewa. Kisha mfumo uachwe upitie Juni hadi Oktoba, msimu wa shinikizo, ambapo kila utaratibu usiotekelezeka utavunjwa na mtu mwenye haraka, na uvunjaji huo uandikwe. Kiangazi cha Januari na Februari kiwe cha kurekebisha. Mkaguzi aje masika inayofuata, akute rejesta yenye matope ya msimu mzima.